Bingwa wa Kujikwaa

Bingwa wetu anasomea uzamivu, na somo lenyewe ni jinsi binadamu anavyojizuia asianguke. Huu ni mwaka wa ngapi, hata yeye mkewe ameacha kuuliza. Ukimsalimia, anaitikia huku akiyatazama magoti yako. Majirani wote anawajua kwa mwendo, jina hajui hata moja. Harusini hachezi, anakaa pembeni akikodolea macho miguu ya watu, vidole vikichezea vile vidude vinavyong'aa anavyowabandika watu kwenye viungo ili kamera iwaone. Mkewe amevikuta hadi kwenye kopo la sukari. Sauti yake ni ya upole, kama ya daktari anayekaribia kukuchoma sindano: "Tembea tu kama kawaida." Nani ataweza?

Jumamosi mama mkwe wake alikuja kuwatembelea, akajikwaa kwenye waya wa kamera uliokatiza sebuleni, akaenda chini mzimamzima. Mke alitoka jikoni mbio. Bingwa alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, macho yamemtoka kwa raha.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Ukishainuka, naomba ujikwae tena, kamera ilikuwa imezimwa."

Mama alimnyooshea mkono amwinue. Mkwewe akaupokea kwa heshima zote, akaugeuza taratibu, akaubandika kidude.