Mama Alipotuachia Vikapu Sita

Sisi tuliokua kabla friji haijafika Bumula hatukuwa watu wa kusimama jikoni tukiuliza leo tutakula nini. Chakula cha Alhamisi kilikuwa kinajulikana tangu Jumapili. Nawaambia nyinyi wa rika langu mnikumbushe nikikosea, maana vijana wa siku hizi wanafikiri tulikuwa tunakula chochote kilichoota nyuma ya nyumba. Hapana. Mpango ulikuwepo, na ulikuwa kichwani mwa mama yangu, mtu ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Mimi mwenyewe shule niliacha darasa la tatu, lakini nimelisha watoto tisa, na mpaka leo nikimfikiria mama nashindwa kuelewa aliwezaje.

Mnakumbuka mboga ya chungu. Jumapili baada ya kanisa mama alikuwa anachuma majani ya saga na kunde, anachemsha na munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yaliyokuwa yakitiririka pole pole kutoka kwa mkebe uliotobolewa. Munyu ni wa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo, kila jioni ni maziwa kidogo, moto kidogo, na kufunika. Jumatatu mboga inauma ulimi. Jumanne imetulia. Jumatano unalamba vidole na unaangalia kama kuna mwenye amebakisha. Siku hizi mtoto akiona mboga ya jana anasema ati imelala.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na moja. Dada ya mama aliyeolewa Saboti alivunjika mguu na mahindi yake yamekauka shambani, ndege wanakula. Mama akasema anaenda kumvunia, atarudi Jumamosi jioni. Tukabaki sita: baba, mimi, Nanjala anayenifuata, wadogo wawili, na Kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba. Kukhu alikuwa amebaki na jino moja. Alikuwa anasema analiweka la kumwonyesha Mungu.

Kabla hajaondoka, mama alipanga vikapu sita kando ya ukuta wa jiko, kutoka mlangoni mpaka kwa mawe ya moto. Akanishika sikio, si kwa kunivuta, ni kwa kuhakikisha nasikia.

"Hiki ni Jumatatu. Hicho ni Jumanne. Unaenda hivyo mpaka mwisho. Usichanganye vikapu vyangu. Na maziwa ya jioni ni ya mboga, si ya mtu. Kukhu anakula nini?"

"Mboga ya chungu, mama."

"Basi."

Jumatatu ikaenda vizuri. Ndani ya kikapu, juu ya mahindi ya kuchoma, kulikuwa na ndizi mbivu nne. Tukajua mama ametuachia zawadi, tukala sisi watoto. Jumanne tukakuta kipande cha malenge, tukala hicho pia. Jioni nikakamua ng'ombe, nikaweka maziwa karibu na chungu. Nanjala akaja kuchuchumaa hapo.

"Si tuonje tu."

"Ukionja nitasema."

"Na ukionja na wewe, nani atasema?"

Tukaonja. Tukaonja tena kuona kama ni tamu vile tulidhani. Tulipoinua kibuyu hakikuwa na kitu. Sasa mboga inangoja maziwa, na mimi nimesimama hapo nikilamba midomo. Nikajiambia kilicho chungu kinalainishwa na munyu, hata mama hutumia. Nikamimina munyu bakuli zima, nikachemsha, nikafunika. Nikaenda kulala nikijiona mwerevu.

Jumatano mchana baba alikata ugali, akachovya, akatafuna mara moja. Akaweka mkono chini. Mboga ilikuwa inateleza, imekuwa kijani cha ajabu, na inavuta ulimi kama sabuni ya kipande. Kukhu yeye alikuwa ameshameza.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii umenipikia ninywe ama nioge?"

Wadogo wakacheka. Baba hakucheka. Hakuuliza nani amefanya, aliniangalia mimi. "Mama yangu atakula nini mpaka Jumamosi?" Hayo tu. Akavaa kofia akaenda shambani.

Nawaambia ukweli, ningechapwa ningesikia afadhali. Ugali mkavu Kukhu hawezi. Maharagwe hawezi. Saga ya kuchuma tena ningeipata, lakini mpaka ilainike kwa maziwa ya kila jioni ni siku tatu, na Kukhu ana njaa leo. Nikamwaga ile mboga kwa shina la mgomba nikilia, kisha nikarudi jikoni nikakaa chini mbele ya vikapu. Siku hiyo ndiyo nilivitazama kwa makini mara ya kwanza. Kumbe siku zote nilikuwa natoa tu vitu ndani yake.

Kikapu cha Jumatano: muhogo wa kuchemsha, na pembeni kibuyu cha maziwa ya mgando. Cha Alhamisi: maharagwe, na pembeni malenge. Hata samaki wakavu wawili walikuwemo, wamefungwa kwa jani, maana baba akila maharagwe tumbo linamsumbua usiku kucha. Cha Ijumaa: samaki wa miiba mingi, na ndizi. Cha Ijumaa: samaki wa miiba mingi, na ndizi.

Kila kikapu chenye kitu kigumu kilikuwa na kitu laini. Zile ndizi za Jumatatu hazikuwa zawadi yetu. Lile malenge halikuwa letu. Mama alijua mboga inaweza kuharibika, ama kumwagika, ama paka kuingiza kichwa, akamwekea mama mkwe wake cha pili kila siku, na hakusema, kwa sababu alidhani mtu mwenye macho ataona.

Lakini kilichonimaliza ni zile ndizi za Ijumaa. Jumapili mama alipoziweka zilikuwa mbichi kabisa, ngumu kama fimbo. Nilidhani amekosea. Siku hiyo ya Jumatano zilikuwa zimeanza kugeuka rangi kwenye ncha. Alhamisi zilikuwa nusu. Ijumaa asubuhi nikaamka nikakuta zimeiva zote, laini, harufu imejaa jiko. Mama alikuwa Saboti, ameinama kwenye mahindi ya dada yake, na ndizi zake huku Bumula zinafika siku aliyozipangia. Nilisimama nikaziangalia nikaogopa kuzigusa. Mimi nimeona mengi tangu hapo, nimeona mpaka watu wakipigiana simu wakionana sura, lakini sijashangaa tena namna hiyo.

Kukhu alikula siku zote nne. Nilimpondea malenge, nilimpa mgando kwa kijiko, nilimmenyea ndizi.

Jumamosi jioni mama akaingia, vumbi la mahindi mpaka kwa nyusi. Kabla hajaweka mzigo akauliza, "Kukhu amekula?"

"Nimekula," Kukhu akajibu haraka kutoka kwa kigoda chake. "Mboga yako ilikuwa tamu, tukaimaliza mapema."

Mama akafunua chungu. Akanusa. Akaniangalia, akamwangalia Nanjala, akafunika. Hakutuchapa. Jumapili baada ya kanisa akaviweka vikapu mbele yangu, vitupu. "Panga wewe." Nikakimbilia mahindi. Akanipiga kofi mkononi. "Weka chini. Nitajie watu kwanza."

Siku hizi niko Kitale kwa mjukuu wangu Nekesa. Ni msichana mwenye bidii, siwezi kudanganya. Jumapili anapika vya wiki nzima, anatia kwa mikebe, anapanga kwa friji. Mlangoni mwa friji amebandika karatasi: Jumatatu ndengu na chapati, Jumanne wali na kuku, na kuendelea. Ati simu ndiyo inamwambia. Simu ambayo haina tumbo! Wiki iliyopita alikwama hapo na kalamu.

"Kukhu, Jumatano tuweke nini?"

"Jumatano nani atakuwa nyumbani?"

"Si ni sisi tu."

"Sisi ni nani?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema baba watoto Jumatano anarudi amechelewa, akila chakula kizito halali. Yule mdogo anang'oka meno ya mbele. Mkubwa ana mpira, atarudi na njaa ya ng'ombe. Akaniangalia mdomo, akaona haya kusema, nikamwambia sema tu, yamebaki matano. Akabandua ile karatasi akaigeuza, akaanza kuandika majina yetu, na chini ya kila jina maneno.

Nilimwacha aandike. Alijaza upande mzima, na bado tulikuwa tuko Jumatano. Mama yangu alikuwa na wiki yote kichwani, na juu ya kichwa hicho hicho amebeba mtungi wa maji.