Harusi Yangu Kwenye Orodha ya Serva

Siku hizi nikipita Ole nashuka kwenye baiskeli na kuikokota upande wa pili wa njia, najitia kutazama mnyororo, kwa sababu barazani kwa Mzee Khatibu kuna watu wakiniona tu hucheka, na ni haki yao, maana aibu ile niliifanya kwa mikono yangu miwili na akili zangu timamu.

Nina chumba cha kompyuta hapa Konde, na vijana huja alasiri kucheza gemu moja la bunduki la zamani, la tangu tulipokuwa skuli. Magemu mapya unabonyeza kitufe tu unatupwa kwa watu usiowajua, lakini haya ya zamani unafungua orodha ya serva, zile kompyuta zinazoendesha mchezo, na kila serva ina mstari wake: jina aliloipa mwenyewe, ramani inayochezwa, wachezaji wangapi wamo, na pingi, yaani ishara inachukua muda gani kwenda huko na kurudi. Orodha hiyo hakuna mtu anayekaa kuitunga. Serva ikiwashwa inapiga hodi yenyewe kwa serva kuu huko ng'ambo, kwamba nami nipo, na serva kuu inamwambia kila anayeuliza. Ukitaka mchezo ubaki chumbani mwako, kuna kisanduku cha kutia tiki.

Basi, nilikuwa nimepeleka posa kwa Mwanahawa, binti wa Mzee Khatibu. Kwetu posa ikishakwenda unafunga mdomo mpaka jawabu lirudi, hata ukiulizwa unasema hujui, maana ukitangaza mapema umewavunjia heshima wenye mtoto na unaweza kunyimwa. Yote hayo nayajua (nimelelewa hapahapa, sikuletwa na mvua), lakini furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na nilipowasha serva alasiri ile nikajiambia nani ataona, si humu ndani tu, nikaipa jina: HARUSI YA HAMADI NA MWANAHAWA WA OLE, KARIBUNI. Vijana wakacheka, tukaanza kupigana risasi. Kile kisanduku nilisahau kukitia tiki.

Zamani gemu lilipokuwa na watu pengine nisingeonekana. Sasa limezeeka, serva zilizobaki ni chache, orodha ya dunia nzima inaenea kwenye kioo kimoja, na katikati ya majina ya Kizungu na Kirusi ikakaa harusi yangu. Na kaka yake Mwanahawa, Seif, anafanya kazi Maskati, na (hili nilikuwa silijui) akitoka kazini hucheza gemu lilelile. Akapiga picha kioo chake, akaitia kwenye kundi la ukoo wao la simu, akaandika: "Kumbe dada kaolewa na mie sina habari?"

Simu yangu ikalia. Ni Ami Juma, ndugu yake baba, ndiye aliyenipelekea posa.

"Hamadi, umefanya nini weye? Mzee Khatibu ananiuliza harusi gani, na jawabu hajatoa."

Hapo mwenye akili angezima mashine akaenda kuomba radhi. Mimi nikaona dawa ni kubadilisha jina, nikaandika la kwanza lililonijia: HAKUNA HARUSI. Nikashusha pumzi, nikidhani nimesafisha. Seif huko aliko alikuwa bado ameikodolea macho orodha, akapiga picha ya pili.

Ami Juma akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Sasa wanasema umemwacha mtoto wa watu kabla hujamuoa. Njoo Ole sasa hivi."

Nikawakuta ukumbini: Mzee Khatibu na ndugu zake, ami yangu kainamisha kichwa, na Seif yumo kwenye simu iliyowekwa mkekani, anasikiliza. Nikaeleza serva kuu, nikaeleza tiki, nikaeleza mpaka pingi ambayo hakuna aliyeiuliza. Mzee Khatibu alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hivyo na Warusi wameona?" akauliza.

"Wameona, mzee."

Akaendelea kuvuta tasbihi yake. Ndipo nyuma ya pazia la chumba ikatoka sauti ya Mwanahawa mwenyewe.

"Baba, huyu kanioa bila kuniuliza, kisha kaniacha bila kuniuliza. Siku atakayoniuliza mie, ntamjibu."

Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani, kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimewauliza watu wote isipokuwa yeye. Lakini heshima yangu ilikwisha kwisha, sikuwa na cha kulinda tena, nikamuuliza hapohapo mbele ya wazee: "Mwanahawa, unakubali nikuoe?"

Mzee mmoja akakohoa. Kwenye simu Seif alikuwa akicheka mpaka mtandao ukakatika.

"Ntafikiria," akasema Mwanahawa. "Msimu wa karafuu uishe kwanza."

Tangu siku ile nimeapa, jina la mtu siliandiki popote kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Serva yangu sasa inaitwa KONDE, basi. Nilitaka kuifungia ndani kabisa, Seif akanikataza, na mtu ambaye huenda akawa shemeji yako huwezi kumkatalia. Kila alasiri anaingia kutoka Maskati na pingi yake mbovu, ananipiga risasi ya kichwa, na kabla sijainuka anaandika mbele ya wachezaji wote: "Bado anafikiria."