Mpunga Pori wa Maman Mukabera

Katika bonde la Bugarama kila mkulima huung'oa mpunga pori. Maman Mukabera peke yake aliuacha ukingoni mwa mfereji wake. Mwaka ule ugonjwa ulipogeuza mashamba yote kuwa manjano, ule wa mfereji ulibaki kijani. Hakwenda shule, lakini aliona kile ambacho sisi mabwana shamba wenye diploma tulikipita kila siku.

Nikaandikia benki ya mbegu, wanaohifadhi na kuchunguza aina adimu. Wakaomba punje mia tatu. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi kungekuwa na umuganda, na kazi ya pamoja safari hii ilikuwa kusafisha mifereji na kung'oa kila jani ukingoni. Wenceslas, kiongozi wa ushirika, alimcheka Maman Mukabera.

"Maman, unachunga majani mubaya kama ngombe! Utakamua lini?"

"Siku mupunga yako itakufa, Papa Wenceslas, utakuja na kikombe."

Punje za mpunga pori zikikaribia kuiva hupukutika matopeni. Basi Maman alikata chandarua chake vipande, akafunga kila suke. Mimi nikamwambia azikaushe vizuri, nikakimbilia Kigali kutafuta barua ya kuulinda mfereji.

Nilirudi mikono mitupu. Umuganda ulikuwa umepita. Mashina yameng'olewa na kuchomwa. Maman akanikabidhi kifuko cha punje kwa mikono miwili. Kilinuka moshi.

"Maman, ulizikausha wapi?"

"Juu ya moto, mwanangu. Njo vile mama alikuwa anafanya na mbegu ya mahindi, bidudu bisikule."

Mahindi yaliyokauka huvumilia moshi na joto. Punje hizi zilikuwa bado mbichi. Benki ilijaribu kuziotesha zote. Haikuota hata moja. Nimemlaani Wenceslas, nimewalaani wakubwa wa ofisini, lakini aliyeondoka bila kumweleza mama yule namna ya kukausha ni mimi.

Nilipompa habari, hakulia. Alichukua ungo, akaenda kwenye lundo la tope lililotolewa mferejini.

"Zingine zilianguka kabla nifunge chandarua," alisema.

Leo ni siku ya nne anachekecha. Vidole vimechubuka. Mimi napondaponda mabonge, yeye anapepeta, tunapata changarawe na makonokono.

"Na kule Ruhwa, mupunga ya pori haiko?"

Jana nilitembea kingo zote hadi Ruhwa, kule mpakani, nikiutafuta. Mifereji yote ni safi.

"Haiko, Maman."

Akanisogezea ungo niujaze tena.