Maua ya Jumatano

Nakumbuka Jumatano moja ya Aprili, mwanangu, nikuite hivyo ingawa sikukuzaa, katikati ya miaka ya tisini, jua limeingia jikoni kwangu Walthamstow, London, saa tano asubuhi, likajilaza juu ya sufuria zangu kama mpangaji aliyelipa kodi. Nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa, nina nguvu, nina mdomo, na hakuna aliyenishinda kwa kupanga mambo. Ulivyo wewe leo ndivyo nilivyokuwa mimi, ila mimi nilikuwa mwembamba.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa akikaa nasi ghorofa ya tatu. Magoti yalikuwa yamemchoka, na macho yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, tunalinda kilichobaki kwa matone. Mwenyewe alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kila mwezi tundu linazidi kuwa dogo. Mwaka ule alikuwa na ombi moja tu. Alitaka apelekwe mwisho wa mtaa, akautazame mti wa cheri ukiwa umechanua, kabla hajawa kipofu.

Ngoja kwanza nikupe habari za mti huo. Bi Zuhura aliingia London mwezi wa Januari, ametoka Pemba, hajapata kuona mti usio na jani ukaitwa mzima. Alipoupita ule, mweusi, mkavu, umesimama mbele ya nyumba ya watu, alimwuliza mwanawe, yaani mume wangu, "Hawa wenyewe mbona hawaukati wakapata kuni?" Mwanawe alicheka. Basi asubuhi moja ya Aprili Bi Zuhura anakwenda zake kazini, siku hizo bado anafanya usafi hospitali, akaukuta mti uleule umefunikwa maua kutoka shina hadi ncha, na jani hata moja hakuna. Alisimama pale akisema Subhanallah, Subhanallah, mpaka basi lake likampita, na la pili nalo likampita. Msimamizi wake alimgombeza, na yeye akasimulia kisa hicho miaka yote kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi yake.

Basi Jumatano ile aliniita kutoka chumbani. "Mwanangu, nahisi jua mguuni. Hebu nitoe nje nikautazame mti wangu."

Nilikuwa na nguo za kupiga pasi, na saa nane nilitakiwa kazini. Lakini sitakudanganya: muda ulikuwepo. Mpaka kwenye ule mti ni dakika kumi kwa kiti cha magurudumu, na lifti, ambayo desturi yake ilikuwa kuharibika, siku hiyo ilikuwa nzima. Kilichonizuia ni kitu kingine. Jana yake jioni nilikuwa nimesikiliza utabiri wa hali ya hewa.

Usicheke. Miaka ile utabiri kwangu ulikuwa kama barua ya serikali. Yule bwana wa kwenye televisheni akishasimama mbele ya ramani yake, nyumbani kwangu hakuna ruhusa ya kukohoa. Na alikuwa amesema wazi: Jumatano jua la kuchomoza na kujificha, upepo wa baridi, Alhamisi na Ijumaa mvua, wikendi joto zuri, anga safi. Kusini yote ya ramani aliibandika vijua vya manjano.

"Mama, leo baridi," nikamwambia. "Jumamosi kutakuwa na joto, nitakutoa na chai yako kwenye chupa, ukae mpaka uchoke mwenyewe."

Akauliza, "Mti utaningoja?"

"Utakwenda wapi, Mama? Una miguu?"

Nililiona jibu langu zuri, nikarudi kwenye pasi yangu huku najichekea.

Sasa kosa langu ulione vizuri, kwa sababu ni kosa la mtu wa kwetu. Mimi nimezaliwa Unguja. Kwetu masika yakiingia yameingia, utajua pa kuanikia nguo zako; kiangazi kikianza, kimeanza, hakiamki kesho kikabadili mawazo. Kwa hiyo niliposikia majira ya machipuko yamefika London, nilidhani yamefika na mizigo yao, yamekaa. Sikujua kwamba machipuko ya huku ni mgeni anayesimama mlangoni, anaingia mguu mmoja, anautoa, anarudi tena, na ukimwambia subiri nivae viatu unakuta hayupo.

Alhamisi mchana nilikuwa dirishani mbingu zilipogeuka rangi ya sufuria. Upepo ulikuja kwanza. Halafu mvua ya mawe, punje kama mbaazi, zinagonga kioo mpaka nikadhani kinapasuka. Dakika tano baadaye jua likawaka na barabara yote ikang'aa nyeupe. Halafu mvua ya mawe tena. Sijapata kuona siku moja ikiwa na misimu mingi namna ile, na nilisimama pale na pasi mkononi, nimeogopa na nimependa kwa pamoja. Mti sikuukumbuka hata kidogo.

Jumamosi ikafika kama ilivyoahidiwa. Anga ya buluu, watu wameshavua makoti, sokoni kila mwenye kibanda anapiga mluzi. Nikamvalisha Bi Zuhura kanga zake nzuri, nikajaza chupa ya chai, nikasukuma kiti huku nimejaa sifa zangu kichwani. Tukakunja kona.

Mti ulikuwa mtupu. Maua yote yalikuwa chini, yameganda kwenye lami, kingo zimeshageuka kahawia, watu wanapita juu yake na mifuko ya soko. Juu kulikuwa na vijani vidogo vyekundu, basi.

"Tumefika?" Bi Zuhura akauliza. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda huku na huku, anatafuta kwa lile tundu lake.

Nikamwambia tumefika.

Aliinama akachota maua chini, akayaleta karibu kabisa na jicho, akayatazama muda mrefu. Halafu akayafunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga pesa zake. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Yule bwana hakukudanganya. Kasema Jumamosi jua, na jua hili hapa. Lakini mimi sikukuomba jua la Jumamosi, mwanangu. Nilikuomba la Jumatano."

Nililia, nimesimama nyuma ya kiti chake, katikati ya mtaa wa watu. Naye bila kugeuka akasema, "Basi, basi. Unanimwagia kichwani, nilikuwa sijapanga kuoga." Ndivyo alivyokuwa. Hakulitaja tena jambo hilo, si kwangu wala kwa mwanawe, na mimi ningeona nafuu kama angenisema kila siku.

Kabla mwaka haujazunguka lile tundu lilizibika.

Aprili iliyofuata nilikuwa nimeacha kumsikiliza yule bwana peke yake; nilikuwa natazama mbingu mwenyewe, na kila nikitoka kazini napita kwenye ule mti. Siku moja nilikuwa nakaanga vitumbua, nje mvua ya mawe inapiga, mara ghafla kimya, na jua likatua ukutani. Nikazima jiko. Unga wote nikauacha kwenye bakuli.

"Mama, tunatoka."

"Kuna jua? Litadumu?"

"Sijui. Twende."

Lifti ilikuwa mbovu, bila shaka. Kiti tukakiacha juu. Tulishuka ngazi moja baada ya moja, yeye kanishika bega, tukapumzika kila ghorofa, na mwendo wa dakika kumi ulitumalizia karibu saa nzima. Jua lilikuwa bado lipo. Nikampeleka mpaka chini ya matawi, nikaiweka mikono yake miwili kwenye shina.

"Nieleze," akasema.

"Umechanua, Mama. Meupe."

"Meupe vipi? Sukari nayo nyeupe."

Ndipo nikainua uso. Mwanangu, nilikuwa nimeupita mti ule miaka minne, nina macho mawili mazima, na nilikuwa sijapata kuutazama. Nikavuta tawi. Nikamwambia kila ua lina petali tano, na kila petali imepasuka kidogo kwenye ncha, kama imekatwa kwa ukucha. Kati yake kuna waridi hafifu, na vijiuzi vyembamba vyenye vumbi la manjano. Punje za barafu zimekaa ndani ya maua, zinayeyuka, na nyuki mmoja anafanya kazi yake kama hakuna kilichotokea. Nikatazama tawi la pili, la tatu, mpaka juu kabisa, na yote ni hivyo hivyo, maelfu kwa maelfu, hakuna lililosahauliwa mpasuko wake. Nikasahau kumweleza, nikawa natazama tu.

Bi Zuhura alilipapasa shina. Halafu akasema Subhanallah, polepole, kama siku ile ya basi. "Sasa nimeuona," akasema. "Na wewe leo umeuona."

Mvua ilitukuta njiani, tukafika nyumbani tumelowa chapachapa. Vitumbua vya siku ile havikulika.

Jana, mwanangu, ulinipigia simu ukaniambia baba yako kule Barking, hapa hapa London, anataka umtembeze bustanini, na wewe umemwambia wikendi ijayo, kwa sababu utabiri ni mzuri. Nami nimeutazama. Kweli ni mzuri, na ndiyo maana leo nimekupigia mimi. Usikilize utabiri, uchukue na mwavuli, lakini mtu wako akikuambia anahisi jua mguuni, acha pasi hapo ilipo umtoe siku hiyo hiyo. Na ukifika, tazama vizuri kwa ajili yake, kwa maana na wewe utakuwa unaona kwa mara ya kwanza.

Mungu akuwekee baba yako, akupe na jua la leo. Akupe macho yanayotazama, na siku yatakapozimika, akupe mtu wa kukushika mkono akueleze.

Sasa kata simu, uvae viatu.