Ukuta wa Nyuma wa Mama Alfonsi

Kuna mtu kaposti picha za nyumba za Musoma, kacheka mwenyewe na kuwaalika wengine wacheke. Nyumba ya zambarau jirani na Mwigobero. Nyumba ya Makoko yenye kijani cha parachichi bichi, milango ya pinki. Halafu nyumba moja ya Buhare, mbele bluu kali, nyuma rangi ya maini. Hiyo ndo iliyoshambuliwa kuliko zote. "Rangi iliwaishia?" "Fundi alikimbia na hela?"

Haikuisha, na hakuna fundi aliyekimbia. Hiyo nyumba ni ya Bibi Boke, jirani yetu. Watu wa rika lake wanamuitaga Mama Alfonsi. Kama kitu hukijui, si unauliza kwanza?

Boke kwao ni Butiama, vijiji vya ndani, kwenye mawe na ng'ombe. Akaolewa na Bernado, mtu wa ziwani, mzaliwa wa Makoko, alikuwa anatunza stoo ya pamba ya ushirika. Mwaka themanini wakajenga Buhare, matofali mabichi, bati juu. Rangi hakuna. Miaka ile sabuni yenyewe ilikuwa hakuna, we unaulizia rangi? Ukiingia dukani unakuta rafu tupu na muuzaji anasinzia.

Boke akafanya anachokijua. Kwao nyumba wanapakaga wanawake, kwa mkono: udongo mwekundu, majivu, kinyesi cha ng'ombe. Ukikauka unakuwa kama maini. Akamwambia mumewe udongo wa Buhare una mchanga, unapasuka, lazima aufuate kwao. Bernado akakubali, maana kabla ya Krismasi padri alikuwa anapita kubariki nyumba na yeye hakutaka aibu. Basi kila mwezi wa kumi na mbili Boke anaenda Butiama, anakaa wiki nzima, anarudi na magunia mawili.

Sasa nikwambie alichoniambia mwenyewe. Udongo wa Buhare hauna shida yoyote. Jikoni kwake alipaka huo huo na haukupasuka.

Alidanganya kwa sababu kwao mwanamke aliyeolewa haendi nyumbani hivi hivi. Akitokea bila msiba, bila mgonjwa, kaka zake wanamkalisha chini: umefukuzwa? Umemkosea nini mwenzio? Na huku kwa mume swali ni lile lile kwa upande mwingine: kwenu unafuata nini? "Nimemkumbuka mama" halikuwa jibu. Mtu mzima, ana watoto wake, anamkumbuka mama? Ila udongo lilikuwa jibu. Huku linakubalika, kule linakubalika.

Na mama yake, bibi mmoja anaitwa Ghati, alijua kila kitu. Walikuwa wanashuka wote korongoni, kazi ya asubuhi moja inakula siku tano.

"Huu una mawe," Ghati anasema. "Tutatafuta mwingine kesho."

Mawe yenyewe hayapo. Wanakaa, wanaongea, wanarudi mikono mitupu, na kesho wanashuka tena.

Mwaka themanini na tatu, kwenye msako wa walanguzi, lori alilopanda Boke likasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mgambo akagonga gunia kwa kirungu.

"La nani hili?"

"Langu, mwanangu."

"Sukari?"

"Udongo."

Mgambo akacheka, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ngumi nyekundu. Akazamisha tena. Abiria wote wameshuka wanatazama.

"Musoma hakuna udongo, mama?"

"Upo. Ila sio huu."

"Huyu kalogwa," mzee mmoja akasema kwa sauti.

Mgambo akajipangusa kwenye suruali. "Nenda mama. Ulanguzi wa udongo bado hatujaletewa sheria yake."

Lori zima likacheka mpaka Musoma. Boke alicheka nao. Angecheka hata wangemtukana, alikuwa ametoka kwa mama yake.

Halafu mali zikaanza kuingia. Ilikuwa themanini na nane, sabuni zipo, khanga zipo, vitu vinatoka Kenya kupitia Sirari mchana kweupe. Boke alikuwa ameenda Bunda kumhudumia wifi yake aliyejifungua. Kurudi, anakuta nyumba bluu. Pande zote nne. Rangi ya mafuta, inang'aa, inzi akitua anateleza.

Bernado amesimama mlangoni, bluu mpaka kwenye nyusi. "Si ulikuwa unachoka na magunia? Nimekupumzisha."

Jirani yao Jeska akapiga kigelegele. "Mama Alfonsi umekuwa mzungu! Nyie watu wa ng'ombe mngeijulia wapi rangi kama hii, bila sisi watu wa dagaa?"

Boke akasema asante. Mtu kakununulia rangi, kaipaka mwenyewe mpaka kajipaka na yeye, utasema nini kingine?

Desemba ikaja. Wenzake wanafunga safari zao, yeye anafuta vumbi ukutani kwa kitambaa chenye maji. Miaka yote Krismasi ilikuwa inamkuta na wekundu kwenye kucha. Mwaka ule alipika akiwa na mikono misafi, na anasema chakula hakikumpanda.

Mwezi wa pili kaka yake, Wanzagi, akaja mjini kung'oa jino. Alipopata nafuu ya kuongea akamuuliza:

"Dada, mbona hukuja? Mama alichimba. Akarundika uani, akakusubiri, mvua ikauzoa wote. Akachimba tena."

"Mara ya pili?"

"Mara ya pili. Tukamwambia mama, acha, labda wamepata rangi ya dukani. Akasema hata ya dukani itachakaa tu, atakuja."

Boke akamsindikiza kaka yake stendi. Aliporudi hakuvua hata viatu. Akachukua panga, akazunguka nyuma ya nyumba, akaanza kukwangua. Rangi ilipakwa juu ya udongo wa zamani, kwa hiyo ilikuwa inabanduka mapande mapande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Bernado anatoka kazini anakuta nusu ya ukuta iko chini.

"Mama Alfonsi! Unabomoa nyumba?"

"Nabandua."

"Rangi niliyoifuata Sirari!"

"Ya mbele siigusi, Baba Alfonsi. Mbele kwako, na pembeni kwako. Huku nyuma niachie mimi."

"Kwani hii bluu ina kosa gani?"

"Haina kosa. Haichakai tu."

Bernado hakuwa mjinga. Alikaa kwenye ndoo, akaokota pande moja la rangi, akaligeuza. Upande wa pili ulikuwa mwekundu.

"Ungesema tu unataka kwenda kwenu."

"Ningesema, ungenijibu nini?"

Akafikiria. Na nampa heshima yake, alisema ukweli. "Ningekuuliza unafuata nini."

"Haya."

Bernado akalitupa lile pande, akasema, "Kwa ukuta mmoja, gunia moja si linatosha?"

"Mawili," Boke akasema.

Akaondoka wiki ile ile, mwezi wa pili. Ghati alipomuona na magunia hakuuliza kwa nini amechelewa. Alichukua jembe.

Ghati alifariki tisini na saba. Bernado naye hayupo siku hizi. Wanzagi alihamia Serengeti na ng'ombe wake, na pale alipokuwa anakaa mama yao pamebaki mawe ya msingi. Boke ameendelea kwenda. Ila Desemba iliyopita miguu ilikataa, na sasa ule ukuta umepauka, una nyufa. Alfonsi anataka kuleta fundi apake nyumba yote kijivu, kama wanavyofanya wenye hela. Bibi amemwambia mbele apake anachotaka.

Juzi nilimkuta amekaa nyuma kwenye kigoda, anauangalia.

"Bibi, kule kwenu siku hizi kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unafuata nini?"

"Udongo," akasema, kwa hasira kidogo. Halafu akaniuliza Noah za abiria za Butiama siku hizi zinapakilia wapi.