Tumbo la O

Asubuhi moja naikumbuka hadi leo, Mwanangu, ingawa sina hakika kama naikumbuka sawasawa. Karakana ya mjomba wangu hapa Bagamoyo ilikuwa na vumbi la saruji, jua likipita ndani yake polepole, na kila kitu kilionekana kama kiko mbali. Tulitengeneza vibao vya makaburi. Mimi, msichana niliyeishia darasa la saba, nilikuwa nimechonga herufi zangu za kwanza za mbao, za kugandamiza kwenye saruji mbichi. Nilizichonga nene. Nilitaka jina lionekane.

Akaja mwalimu mstaafu kutoka Mkange, macho yake hayaoni tena, kuchukua kibao cha marehemu mkewe, Rozalia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Niwekee mkono pale jina linapoanzia."

Kidole chake kikatembea, kikasimama, kikarudi. Ndani ya O nilikuwa nimeacha nafasi ndogo kama punje ya mchele, na saruji ya humo iling'oka pamoja na mbao nilipoitoa. R na A zote mbili vilevile.

"Hapa pana shimo," alisema. "Hapa shimo jingine. Binti, mke wangu alikuwa mnene, lakini si hivi."

Akatabasamu. "Jina hili nilimfundisha kuliandika, nimemshika mkono. Sasa simpati."

Alipoondoka mjomba akaniambia, "Umechonga mbao tu. Nafasi ya ndani nayo ni herufi." Nisimsingizie, alikuwa ameshanionya. Ila hakunionyesha iwe kubwa kiasi gani, na hilo pia ni kweli.

Nikachonga upya. Safari hii nilianza na tumbo la O, nikalipima kwa ncha ya kidole changu, ndipo nikalizungushia mbao. Mwalimu aliporudi, kidole chake kikaizunguka O, kikapanda kwenye kisiwa cha saruji cha katikati, kikatulia hapo.

"Yupo," alisema.

Ndiyo maana jana, uliponionyesha kwenye kompyuta herufi unazobuni, nilikuuliza habari za weupe wa ndani, ukacheka. Huenda ulikuwa na haki, mimi kompyuta siijui. Lakini nakuomba usianze na wino. Anza na pale wino usipofika, upaache pawe pana, kwa sababu jicho la msomaji linataka mahali pa kutua, kama kidole cha yule mzee.

Mungu aipe mikono yako subira, Mwanangu, na kila atakayemtafuta mtu wake ndani ya herufi zako, ampate.