Puto la Chupa ya Neema

Nimekosa, jamani, tena nimekosa vibaya! Ila Shabani wa stoo na shemeji yangu Kasto wana fungu lao, nitawataja mpaka naingia kaburini.

Nafanya usafi kwenye maabara moja hapa Morogoro. Shule yangu iliishia la saba. Neema, binti anayesomea udaktari, si wa sindano, wa kemia, hunieleza kazi yake bila dharau.

"Mama, dawa hii ina ya kulia na ya kushoto, kama kandambili. Ya kushoto haitibu. Huu unga, fosfini, unaibana upande mmoja metali inayoipika dawa, basi inatoka ya kulia tupu. Ila hewa ikiugusa tu, unga umeharibika. Na ndio wa mwisho huu, mwingine mpaka utoke Ulaya."

Juu ya chupa alikuwa amefunga puto la hidrojeni, gesi ya kuilisha dawa hiyo. Jekundu, limejaa, zuri hilo!

Jumapili niko zamu, na mjukuu wangu anapokea komunyo ya kwanza kule mlimani. Nikalikodolea macho. Shabani akacheka: "Beba, mama! Si wakimaliza wanatupa?"

Nikaling'oa na kizibo chake, nikalikaza uzi shingoni. Chupa nikaiacha mdomo wazi. Puto nikalifunika kanga, mimi huyo, bodaboda mpaka juu.

Vigelegele! "Bibi kaleta puto linaloruka lenyewe!" Kasto na pombe yake akasogeza sigara alipasue kwa mbwembwe. Mama wee! Moto, puu! Nyusi zangu zote zikaenda. Watoto walikuwa mbali, Mungu mkubwa. Kasto? Hata sharubu haikuungua, mshenzi yule!

Jumatatu namkuta Neema kakaa sakafuni. Maji ya chupani, jana rangi ya chungwa, leo meusi tii. Shabani kajifanya anapanga makopo.

"Sikukaza kizibo vizuri, mama," Neema akasema. "Puto limeking'oa, likatoka nacho dirishani. Mikono yangu haifai kazi hii, bora niache shule. Na wewe nyusi zimefanyaje?"

"Jiko la gesi, mwanangu."

Jiko la gesi! Ulimi huu!

Juzi kaanza kufungasha vitabu. Leo asubuhi nimemfuata, nikamwambia yote. Alilia, akanifukuza, halafu akavirudisha vitabu kwenye kabati. Hanisalimii mpaka sasa. Haki yake.

Nyie mnaofagia penye kazi za watu, msibebe kitu kwa sababu kinapendeza. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, kabla mtu hajaanza kuichukia mikono yake kwa kosa la mikono yenu.